Ubao wa mtetemo, bembea ya shuka au beseni? Kuchagua michezo ya hisia na mwendo kwa mtoto mdogo asiyeona au mwenye ulemavu zaidi ya mmoja

Kabla ya kununua au kuunda chochote, jiulize: katika mchezo huu, ni nani anayeanzisha? Mtoto akirusha mguu na ubao ukaunguruma, ameanzisha yeye. Akibembezwa ndani ya shuka, ameanzishiwa. Michezo ya namna zote mbili ina faida, ila haifundishi jambo moja. Mtoto asiyeona mwenye ulemavu mwingine juu yake hupata ya kuanzishiwa kutwa nzima: anabebwa, anageuzwa, analishwa, mkono wake unashikwa na kupelekwa kwenye kitu. Ya kuanzisha mwenyewe huipata kwa nadra. Kwa hiyo ulinganisho huu una upande. Ukiwa na nafasi au fedha ya kitu kimoja tu, chagua kile ambacho mtoto anaweza kukifanya kilie, kitetemeke au kisogee bila mkono wako.

Jambo la pili la kujua mapema ni kwamba sauti haichukui nafasi ya jicho upesi kama watu wanavyodhani. Mtoto anayeona hunyoosha mkono kufuata kitu akiwa na miezi minne au mitano. Asiyeona, hata kama hana ulemavu mwingine, kwa kawaida huanza kunyoosha mkono kufuata sauti baadaye sana, karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza. Kabla ya hapo njuga iliyomponyoka haijaanguka tu, imetoweka. Kutingisha kitu kando ya sikio lake na kusubiri akifuate ni kumpa mtihani ambao hajaufikia. Kitu kikae pale pale, mkono ukirudi ukikute.

| Mchezo | Nani anaanzisha | Unamfaa hasa | Hatari ya kuangalia |
|---|---|---|---|
| Ubao wa mtetemo | Mtoto | Anayelala chali, hata akisogeza mguu tu | Mshtuko wa sauti, vibanzi vya mbao |
| Chumba kidogo | Mtoto | Anayepunga mikono au kushika kidogo | Lastiki shingoni, vitu vya kumezeka |
| Bembea ya shuka | Mtu mzima | Anayehitaji kutulizwa au kuamshwa mwili | Kichefuchefu, shingo, kifafa |
| Mpira mkubwa | Wote wawili | Anayejifunza kuinua kichwa na kukaa | Kuanguka, nyonga |
| Beseni kavu | Mtoto | Anayekaa na asiyetia vitu mdomoni | Kukabwa |
| Maji | Wote wawili | Mwenye misuli iliyokakamaa | Kuzama, baridi |
| Chumba cha taa | Mashine, mara nyingi | Mwenye uoni kidogo uliobaki | Kifafa, fedha kupotea |

Ubao wa mtetemo au godoro la mazoezi

Ubao huu ulibuniwa na Lilli Nielsen, mwanasaikolojia wa Denmark (1926–2013) aliyefanya kazi kwa miaka mingi na watoto wasioona. Ni karatasi ya plaiwudi iliyoinuliwa kidogo kutoka sakafuni. Mtoto analala juu yake, na kila anachofanya kinarudi kwake kwa njia mbili: masikioni kama sauti, mwilini kama mtetemo. Kisigino kikigonga, mgongo unasikia. Kwa mtoto asiyeona wala kusikia, njia hiyo ya mgongo ndiyo yote.

Vipimo vyake si vigumu, lakini ukivikosea unabaki na meza isiyo na miguu. Plaiwudi iwe ya milimita 4. Mraba wa sentimita 120 kwa 120 unatosha, na kwa mtoto anayebiringika weka 150 kwa 150, kwa sababu mwili mzima lazima uwe juu ya ubao. Gundisha fito za mbao za sentimita 2 kwa 2 kuzunguka ukingo wa upande wa chini, zibane mpaka gundi ikauke kabisa, kisha piga msasa namba 120 na baadaye 240, kingo na pembe zaidi kuliko katikati. Pembe ziviringwe. Maliza kwa vanishi isiyo na sumu iliyopakwa nyembamba, maana mtoto atalamba.

Ubao unaokataa kulia una kosa moja kati ya manne. Plaiwudi ni nene, milimita 9 au 12, kwa kuwa fundi aliona ile nyembamba haina nguvu. Au ameongeza ufito wa katikati ili isipinde, na hapo ameua mtetemo wote, kwa kuwa katikati ndipo panapotakiwa pacheze. Au amepiga misumari bila gundi, ambayo baada ya muda hulegea na kukwaruza. Au mtu amehurumia mgongo wa mtoto akatandika blanketi. Hili la mwisho ndilo la kila siku. Mwambie yeyote anayemtunza mtoto kwamba juu ya ubao hakutandikwi kitu. Akisikia baridi avalishwe soksi na fulana, siyo ubao uvalishwe. Na mtu mzima asisimame juu yake, utapasuka.

Godoro la mazoezi lina kazi yake: kunyooshwa viungo, kupumzika, mtoto mwenye kifafa kinachomwangusha ghafla, au aliyekonda hadi mifupa ya nyonga na mkia inagusa ngozi na kuleta vidonda. Kwa mchezo, hata hivyo, godoro humeza kila kitu. Mtoto anarusha mguu, hakuna kilichotokea. Anarusha tena, hakuna. Baada ya wiki kadhaa anaacha, na watu wanasema ni mtulivu.

Hofu moja ya ubao ni ya kweli. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kushtuka kwa kila mlio, mikono ikafunguka na mwili mzima ukakakamaa. Kwa huyo usianze na vijiko vya chuma. Mlaze juu ya ubao ukiwa umekaa kando, kwaruza mbao taratibu kwa kucha mbali na kichwa chake, subiri, rudia. Weka vitu laini vya kunong'ona kwanza: karatasi ya kung'aa inayochakacha, brashi, mnyororo mwepesi uliofumwa kwa uzi. Dakika tano za mwanzo zinatosha.

Na nyamaza. Mtoto akiwa kazini, sauti yako inamkatisha. Huwa anaacha alichoshika ili akusikilize. Sema neno lako anapotulia mwenyewe: "Umepiga bati." Kisha nyamaza tena. Wazazi wengi huona hii ndiyo sehemu ngumu kuliko useremala wote.

Chumba kidogo au fremu ya kuning'iniza

Vyote viwili vinaning'iniza vitu juu ya mtoto. Tofauti ni kuta. Chumba kidogo, nacho kazi ya Nielsen, ni kisanduku kisicho na sakafu, chenye kuta tatu na dari ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, yenye matundu. Kichwa na mikono ya mtoto huwa ndani, naye amelala juu ya ubao wa mtetemo. Kuta hukata makelele ya nje na kumrudishia sauti yake mwenyewe karibu. Mtoto asiyeona aliyezoea sauti zinazotoka kila upande bila mpangilio hupata mahali penye mipaka: hapa ni kushoto, hapa ni juu, kile cha jana bado kipo.

Fremu ni miguu miwili na mti wa juu. Inaundika kwa mabomba ya plastiki, inakunjika, na inamfaa anayekaa kwenye kiti maalumu. Lakini haina mpaka wa pembeni, na vitu vinavyoning'inia kwenye uzi mrefu hupigwa mara moja vikaenda mbali. Ukichagua fremu, fupisha kamba na weka vitu vilivyokaribiana, hata vigusane.

Kwa vyote, ufungaji ndio unaoamua. Tumia lastiki ya kushonea nguo iliyofunikwa uzi, siyo kamba. Lastiki inamruhusu mtoto kuvuta kitu hadi mdomoni na kukiachia kikarudi mahali pake. Urefu wake bila kuvutwa usizidi sentimita 22, na isiachwe ikafanya kitanzi kinachoweza kupita kichwani. Ipitishe tundu moja, irudi tundu la pili, fundo libaki juu ya dari asipolifikia. Kipimo cha juu-chini ni hiki: mtoto akiwa chali, kiwiko kimekunjwa na kimelala chini, ngumi yake iguse kitu bila kunyoosha mkono. Vikiwa juu ya hapo, mtoto mwenye misuli dhaifu hatavifikia kamwe. Vitu visipungue upana wa sentimita 4.5, kitu kinachopenya katikati ya bomba la karatasi ya chooni kitapenya pia kooni.

Chagua vitu kwa tofauti, siyo kwa uzuri: kijiko cha chuma baridi, brashi ngumu ya kucha, pete ya mbao, mfuko mdogo wa ngozi, kifuniko cha bati, sifongo. Vinyago vya plastiki vya dukani, hata vikiwa kumi, mkononi ni kitu kimoja: laini, vyepesi, vya joto lile lile. Kila kimoja kifungwe mara mbili au zaidi mahali tofauti, ili mkono ulinganishe. Unapotaka kubadilisha, ongeza kimoja au viwili na uache vya zamani; ukibadilisha vyote siku moja umemhamisha nyumba bila kumwambia.

Angalizo kwa watoto wenye mgongo wazi na waliofanyiwa operesheni nyingi: wengi wao hupata mzio wa mpira asilia. Usiwape maputo, na hakikisha lastiki haina mpira asilia ndani yake.

Mtoto asiachwe chumba kidogo peke yake hata akiwa amezoea. Kaa karibu, kimya.

Bembea ya shuka, mpira mkubwa, au mwili wako

Hapa tunahamia kwenye mwendo, na mambo ni mazito kidogo, maana mwendo unaweza kumdhuru mtoto asiyeweza kusema "basi".

Bembea ya shuka inahitaji watu wazima wawili, shuka nzito isiyo na mshono katikati, na godoro chini. Mlaze mtoto katikati, kunja pembe mara mbili kwenye viganja, inua sentimita 15 hadi 20 tu. Bembeza kwa mstari, kichwa kuelekea miguu au ubavu kwa ubavu, polepole, mara tano hadi kumi. Kisha simama na usubiri sekunde 10 hadi 20. Kusubiri huko ndiko kunakomrudishia mtoto uanzishaji. Akipiga teke, akitoa sauti, akifungua mdomo au akikaza vidole, ichukue kuwa ombi na uanze tena. Bila kituo hicho, bembea ni kubebwa tu kwa namna nyingine.

Usimzungushe. Kuzungusha huathiri sikio la ndani kwa nguvu kuliko kubembeza, na mtoto asiyeona hana kitu cha kukazia macho ili kizunguzungu kipungue. Dalili za kwamba yamezidi ni miayo, kwikwi, weupe kuzunguka mdomo, jasho, vidole kutanuka, au usingizi wa ghafla. Nyingine hutokea dakika nyingi baada ya mchezo, hivyo usidhani amechoka tu. Subiri angalau saa moja baada ya chakula, na zaidi kwa mwenye mrija wa chakula tumboni au anayecheua mara kwa mara.

Muhimu kuliko yote: asiyeona haoni kwamba unakuja kumwinua. Gusisha kwanza pembe ya shuka kwenye kiganja chake, taja jina la mchezo, hesabu moja mbili tatu kwa mdundo ule ule kila siku. Baada ya muda kipande hicho cha kitambaa kinakuwa neno. Anaweza kukitumia kuomba.

Mpira mkubwa una faida bembea isiyokuwa nayo: unamlazimisha mtoto kufanya kazi. Watoto wengi wasioona huchukia kulala kifudifudi, na si ukaidi. Anayeona huinua kichwa kwa sababu kuna cha kutazama. Huyu hana sababu, ana uso uliobanwa tu. Juu ya mpira, kifudifudi kunaleta mwendo, na mwendo ni sababu ya kuinua kichwa. Kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne kipenyo cha sentimita 45 hadi 55 kinatosha. Usiujaze pomoni: dole gumba lizame sentimita 3 hivi. Mpira mgumu huteleza haraka na kumtisha. Mshike kwenye nyonga, siyo kwapani, la sivyo mgongo wake hautafanya chochote. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, mpira wenye umbo la karanga ni bora kuliko wa duara, kwa kuwa unabingirika mbele na nyuma tu. Kama nyonga zimewahi kutoka mahali pake au hazijapigwa picha, usimtanue miguu juu ya mpira kabla ya kumwona mtaalamu wa fiziotherapia.

Chaguo la tatu halina gharama. Mwingereza Veronica Sherborne aliweka mfumo mzima wa michezo ya mwendo inayotumia mwili wa mtu mwingine: kukaa kati ya miguu ya mtu mzima na kuyumbishwa, kubiringishwa juu ya mapaja yake, kuvutwa sakafuni juu ya blanketi, kupita chini ya daraja la mikono na magoti. Kwa mtoto mwoga wa bembea, anzia hapa. Kifua kinachopumua nyuma ya mgongo wake ni taarifa tosha kwamba hajaachwa hewani, kitu ambacho shuka haiwezi kumpa. Udhaifu wake ni kwamba mtoto akizidi kilo 20 hivi, mgongo wako ndio utakaolipa.

Kuna watoto ambao kwao michezo yote ya sehemu hii inahitaji ruhusa ya daktari kwanza: mwenye ugonjwa wa Down (shingo yake inaweza kuwa haijakaza, hivyo hakuna kupindua kichwa), mwenye mrija wa kutoa maji kichwani, aliyefanyiwa operesheni ya jicho karibuni au mwenye presha ya macho, na mwenye kifafa kisichodhibitiwa.

Beseni kavu au maji

Beseni la mchele au maharagwe limependwa kupita kiasi. Kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni, yaani wengi wa watoto tunaowazungumzia, ni hatari tupu: punje huingia puani na masikioni, maharagwe hufura kwa unyevu, na maharagwe mekundu mabichi yana sumu. Zile chembe za plastiki zinazofura zikilowekwa majini zisiwepo kabisa. Zikimezwa hufura tumboni na kuziba utumbo. Badala yake jaza beseni vitu vikubwa: vifuniko vya mitungi, vipande vya kitambaa, vikombe vya chuma, mipira ya uzi.

Mchanga, unga uliokorogwa na povu vina tatizo jingine. Mikono ya asiyeona ni macho yake. Ukimshika kiganja na kukisukuma ndani ya kitu cha kunata, amejifunza kwamba mkono ukinyooka unaingizwa pabaya, na atakunja ngumi hata kwa vitu vizuri. Weka mkono wako chini ya wake: wewe ndiye unayegusa, yeye amekaa juu ya mkono wako, anaweza kuteleza vidole hadi kwenye kitu au kujitoa wakati wowote. Panga kutoka kavu kwenda majimaji, kigumu kwenda laini, na cha kunata kiwe cha mwisho. Miguu mara nyingi hukubali kabla ya mikono.

Maji hushinda beseni kavu kwa mtoto mwenye misuli iliyokakamaa, kwa sababu joto hulegeza na uzito hupungua. Teke ambalo nchi kavu halionekani, majini linarusha mawimbi. Karai lenye maji ya nyuzi 36 hadi 37 lafaa, na dimbwi la mazoezi huwa nyuzi 33 hadi 35. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, kisha mkaushe mara moja, kwani mtoto mdogo asiyesogea sana hupoa upesi. Sentimita tano za maji zinaweza kumzamisha, kwa hiyo mkono mmoja usiondoke mwilini mwake, na mwenye kifafa asiingizwe na mtu mmoja. Mwenye tundu la kupumulia shingoni abaki kuchezesha miguu tu. Dimbwi kubwa la ndani lenye mwangwi humpotezea asiyeona dira yote. Karai la nyumbani hufundisha zaidi.

Chumba cha taa

Wazo hili lilianzia Uholanzi katika miaka ya 1970: chumba cheusi, mirija ya mapovu, nyuzi za mwanga, muziki. Kwa mtoto asiyepata hata mwanga, unalipia mtetemo wa mrija mmoja. Kwa mwenye ulemavu wa kuona unaotokana na ubongo kinaweza kusaidia, ila kwa sharti ambalo wenye vyumba hivyo hulivunja mara nyingi: kitu kimoja kwa wakati. Zima muziki, washa taa moja, ya rangi moja, iliyo thabiti au inayosogea polepole, nyuma yake kitambaa cheusi, kisha subiri nusu dakika au zaidi. Ubongo wake unachelewa kujibu. Tochi na kitambaa vinafanya hivyo hivyo. Taa za kumetameta haraka zisiwashwe kwa mwenye kifafa.

Kwa mtoto wako

Anayelala chali na hashiki kitu: ubao kwanza, vitu vikiwa karibu na visigino na viganja, kisha chumba kidogo baada ya wiki chache. Mwenye misuli iliyolegea: ubao na mpira, siyo bembea ndefu, ambayo huzidi kumlegeza. Aliyekakamaa: maji au kuyumbishwa kati ya miguu yako kabla ya ubao, ili mikono ifunguke. Asiyeona wala kusikia: ubao, na ishara ya kitambaa kwa kila mwendo.

Anayetembea lakini haoni: huyu anahitaji nafasi kuliko vifaa. Blanketi la kuvutwa, daraja la kupita chini, mpira wenye kengele ndani uliofungwa kwenye lastiki kiunoni ili usipotee. Akiwa na tabia ya kujitikisa au kubonyeza macho, jaribu dakika kumi za mwendo kabla ya saa anazozoea kufanya hivyo, uone kama zinapungua.

Ukishachagua, kaa na kifaa hicho wiki mbili au tatu kabla ya kusema hakifai. Andika mambo matatu tu kila siku: alichogusa, muda alioendelea bila kusaidiwa, na alichofanya ulipositisha. Ukiona anarudia jambo moja lile lile siku baada ya siku, usimbadilishie bado. Ukiona ameanza kurusha vitu au kuvigeukia kisogo, ongeza kitu kimoja kipya.